Kamba ya Nguo ya Nekesa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, na asifiwe na mimi niliyemsingizia! Asanteni, kaeni.

Wengi wenu mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura. Mimi ndiye yule dada wa Saudia. Ile Jumapili simu ya mchungaji iliposogezwa kwenye kipaza sauti, mkasikia mwanamke analia kwa furaha akisema mtoto wake aliyekuwa haongei sasa anaongea, ni mimi. Najua mliruka. Niliwasikia mkiruka. Kuna mama alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, na hata leo nikifumba macho navisikia vigelegele vile.

Ndugu zangu, nimekuja kuurudisha ushuhuda huo. Haukuwa kweli. Nekesa haongei. Hakuongea wakati ule, hakuongea jana, na asubuhi hii tukivaa hakusema neno. Mchungaji nilimwambia juzi nyumbani kwake, mbele ya mkewe. Akasema, "Mama Nekesa, ulipoutolea ndipo utakapoufutia." Ndiyo maana nimesimama hapa. Nivumilieni. Sikuzoea kusema kweli nikiwa nimeshika kipaza sauti.

Nianzie nyuma kidogo. Kabla ya Saudia nilikuwa mama fua hapahapa Kitale. Nafua nguo za watu Matisi, Milimani, popote nilipoitwa. Baba Nekesa ni fundi wa nguo, wengine wenu mmekuja leo na suruali zake. Nekesa nilimbeba mgongoni mpaka akawa mzito, kisha nikawa namketisha chini ya kamba nikianika. Chini ya kamba mtoto yule hakuwa na shida yoyote. Alikaa hata saa tatu akitazama nguo zikipepea, vidole vyake vikipepea vilevile. Shida ilikuwa kwingine kote. Ukimwita haitiki. Ukimsemesha anatazama pembeni. Kelele ikizidi anaziba masikio na kugonga kichwa ukutani. Alipofika miaka mitano tulimpeleka kwa daktari Eldoret, akatueleza polepole kwamba mtoto ana usonji, kwamba huo si ugonjwa wa kumeza dawa ukaisha, ndivyo alivyozaliwa na ndivyo atakavyokua, na kwamba anaweza kujifunza mengi tukikubali kumfuata anakotaka kwenda.

Mimi nilisimama mle ofisini nikasema, "Nalikataa hilo neno katika jina la Yesu!" Baba Nekesa akainamisha kichwa. Daktari akaandika kitu kwenye faili. Sijui aliandika nini, lakini nina hakika kilinihusu mimi.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila nguzo ya stima hapa mjini ilikuwa na karatasi ya ajenti, wanawake wa kwenda Saudia wanatafutwa haraka, tiketi bure. Nikasema nitaenda, nitapata pesa za kumpeleka mtoto hata India, apone. Baba Nekesa akasema mtoto anamhitaji mama kuliko anavyoihitaji India. Nikamjibu kwamba hana imani. Ndugu zangu, neno hilo nililitumia sana katika ndoa yangu. Lilinisaidia nisisikilize.

Nilifika Riyadh nikapelekwa nyumba moja mtaa wa Naseem. Sitawadanganya, na leo si siku ya kudanganya: sikupigwa, wala sikunyimwa chakula. Mnazijua habari za Saudia, wengine walirudi ndani ya sanduku, nami namshukuru Mungu nilirudi kwa miguu yangu. Madam alikuwa mtu wa haki. Lakini upweke ulionipata mle ndani sijui niuelezeje. Ukuta wa nje umepanda mpaka huoni hata mtu anayepita barabarani. Chumba changu kiko juu ya paa, karibu na chumba cha kufulia. Watoto sita, wageni kila Alhamisi, na lugha siijui. Madam akisema jambo nisielewe, analirudia kwa sauti kubwa zaidi, kama vile mimi ni kiziwi. Watoto walizungumza habari zangu nikiwa nawamiminia chai, wakacheka, nami najua ni mimi wanayemsema. Wiki nzima inaisha sijatamka sentensi kamili. Ni "yalla" wakiniharakisha, "halas" nikimaliza, basi. Siku za sherehe nyumba ikijaa, vyombo vinagongana, watu wote wanaongea kwa pamoja, nilikuwa nakimbilia chumba cha kufulia, nafunga mlango, nachukua taulo moja naikunja. Nikimaliza naikunjua, naikunja tena. Nilikuwa nafanya hivyo hata mara thelathini mpaka moyo utulie.

Leo najua nilichokuwa nikifanya. Wakati ule sikujiuliza ni nani mwingine ninayemjua anayefanya hivyo.

Sasa, nilikuwa na simu, na simu ilikuwa na mahubiri. Niliyasikiliza nikipiga pasi. Kukawa na fundisho moja likanishika: ukitaka muujiza, ushuhudie kwanza kana kwamba umeshatendeka, na Mungu hataacha kinywa chako kiaibike. Simlaumu aliyefundisha, pengine nilisikia nilichotaka kusikia. Nikafunga siku ishirini na moja huku nafanya kazi. Madam aliona sili mchana akashangaa, akanionyesha kalenda kwamba Ramadhani bado iko mbali! Siku ya ishirini na moja ikaangukia Jumapili. Ninyi mlikuwa ibadani, na huko Jumapili ni siku ya kazi kama Jumanne. Nikajifungia na mashine ya kufulia ikizunguka, nikampigia mchungaji, nikasema: mtoto wangu anaongea!

Nilitarajia kufikia jioni itakuwa kweli. Nilikuwa kama mama aliyebandika maji ya ugali bila unga, akiamini mumewe yuko njiani nao. Jioni nikapiga simu nyumbani, nikamwambia Baba Nekesa ampe mtoto simu. Nikasikia pumzi yake tu, halafu cherehani. Nikaita, "Nekesa! Nekesa wa mama!" Pumzi. Nikamwambia mume wangu, "Mtu akikuuliza, anaongea. Usiivunje imani." Nikamwambia pia asinitumie picha wala habari yoyote ya kukosa imani mpaka siku mtoto atakaponiita mama. Akasema, "Sawa, Mama Nekesa." Mume wangu akisema sawa kwa sauti ile, mjue si sawa.

Sikuuliza nini kilifuata hapa nyumbani. Uongo ni kosa, lakini kutouliza huko kulikuwa kosa kubwa zaidi.

Baada ya mwaka na nusu mama yake madam aliugua, nikahamishiwa Jeddah kumtunza. Yule bibi alikuwa mpole. Ijumaa akishakula na kulala ananiruhusu nitoke, na dereva wa nyumba, kaka mmoja Mkamba, ananishusha Bani Malik, ambako Wakenya wengi wamepanga. Huko tulikuwa na ushirika wetu mdogo chumbani kwa dada mmoja. Tunaketi juu ya magodoro, na kwa kuwa huko ibada ya Kikristo hairuhusiwi, viatu vyote tunaviingiza ndani ili nje isijulikane tuko wengi. Tunaimba kwa sauti ya chini, tunapiga makofi kwa vidole viwili, hivi. Ndugu zangu, ninyi mnaopiga ngoma humu mpaka vumbi linadondoka darini, hamjui mlicho nacho!

Mngedhani upweke wangu uliishia hapo. Ulizidi! Kwa sababu Ijumaa ya kwanza kabisa niliulizwa kama nina ushuhuda, nikautoa uleule. Na ulipendwa! Wakanipa jina, Mama Ushuhuda. Akija msichana mgeni analilia watoto aliowaacha, wote wananigeukia: "Mama Ushuhuda, hebu mtie moyo." Nami nasimama, naongeza chumvi. Mara Nekesa ameimba mbele ya wageni. Mara Nekesa ameomba chai kwa maneno yake mwenyewe. Mtoto niliyekuwa nikimsimulia hakuwa wangu, sijui alikuwa wa nani. Wangu wa kweli sikuwa na mtu hata mmoja wa kumtajia habari zake. Picha yake ilikuwa kwenye simu yangu na sikuwahi kuionyesha, nikiogopa wataona macho yanavyotazama pembeni. Niliketi kati ya watu ishirini walionipenda, nikarudi nyumbani kwa bibi nikiwa mpweke kuliko nilivyotoka. Nililia kwa upweke ule, ndugu zangu, nililia mpaka nikaona haya mbele ya mto wa kulalia.

Kati yao kulikuwa na dada anaitwa Akinyi, mtu wa Kisumu, mfanyakazi wa usafi katika shule moja. Mcheshi, ana mdomo, akiingia chumba kinachangamka. Lakini alikuwa ameacha mtoto wa miaka saba kwa mama yake, hatembei wala haongei. Ijumaa moja alinivuta jikoni, ule mdomo wote umekwisha, akaniambia, "Dada, mimi nafunga kama wewe. Naomba kama wewe. Niambie tu ukweli, nakosea wapi?"

Nikamwambia, "Ongeza imani."

Akasema asante. Alinishukuru, ndugu zangu!

Ikapita kama miezi minane. Ijumaa moja Akinyi akaja na mfuko. Msichana aliyetoka likizo alikuwa amemletea mzigo kutoka kwa dada yake aliyeolewa Kimilili. Akatoa kitambaa cha kochi, vile tunavyotandika majumbani, lakini hakikuwa cha maua wala cha tausi. Kitambaa cheupe, na kamba ya nguo imeshonwa kwa uzi mweusi kutoka pembe hii mpaka pembe ile, imelegea katikati. Juu yake zimeanikwa soksi, shuka, suruali ya mtoto, na gauni la bluu lenye mfuko mmoja ulioning'inia upande. Kila kibanio kimeshonwa, kila kimoja rangi yake. Watu wakakipokezana wakicheka kwa raha, maana kilikuwa ni ua wa nyumbani kabisa. Mwingine akasema anasikia harufu ya sabuni ya kipande.

Gauni lile lilikuwa langu. Ndilo nililokuwa nikivaa nikienda kufua. Mfuko ulinaswa na msumari kwenye lango la watu pale Milimani, nami sikuwahi kuushona. Mke wa fundi!

Akinyi akasema mbele ya wote, "Dada yangu anasema vinashonwa na fundi mmoja wa Kitale na binti yake. Binti haongei, ana usonji. Yeye anachora, baba anashona, nyanya anapinda, shangazi anauza soko la Kimilili. Dada yangu ameniandikia nisingoje mtoto apone ndipo nimfurahie." Kisha akanigeukia. "Mama Ushuhuda, si wewe ni wa Kitale? Unawajua?"

Nikasema, "Kitale ni kubwa."

"Msichana anaitwa Nekesa, kama wako!"

"Kina Nekesa ni wengi. Kila aliyezaliwa wakati wa mavuno ni Nekesa."

"Na mama yake yuko hukuhuku Saudia, ati."

"Simjui."

Mara tatu, ndugu zangu! Mimi niliyekuwa nikihubiri habari za mtume aliyemkana Bwana kabla ya jogoo kuwika! Wala hakuna jogoo aliyewika, Bani Malik hakuna jogoo, kiyoyozi tu kilikuwa kinanguruma dirishani. Akinyi akakunja kitambaa chake akakirudisha mfukoni, tukaendelea na maombi. Waliniomba nifunge kwa sala, nami nikafunga.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa juu ya paa la nyumba ya bibi naanika shuka zake. Nikashika kibanio nikashindwa kukibana. Nikaketi palepale chini ya kamba, nikampigia Baba Nekesa. Sikumsalimia. Nikamuuliza, "Nekesa anachora?"

Akanieleza yote bila kunilaumu, na kutonilaumu huko ndiko kulikonimaliza. Ile Jumapili ya simu, jioni ileile nilipomaliza kuongea naye, mlikwenda nyumbani kwangu, ndugu zangu. Siwalaumu! Mlikwenda kwa furaha, na soda na keki, kumsikia mtoto akiongea. Baba Nekesa akawaona dirishani mkija mnaimba. Akamwingiza mtoto chumbani, akafunga, akawaambia yuko Kimilili kwa kukhu, yaani nyanya yake. Jumapili iliyofuata mkarudi. Akafunga tena. Ikawa basi, mtoto asionekane. Hakuletwa kanisani. Hakutoka hata uani. Shule ilikuwa imekubali kumpokea kwenye darasa la watoto kama yeye, hakwenda, kwa sababu mwalimu mmoja ni wa kanisa hili. Mimi nilipokuwa natangaza kwamba amefunguliwa, mwanangu alikuwa amefungiwa chumbani kwa sababu yangu!

Ili asimwache peke yake, Baba Nekesa aliihamishia cherehani mle chumbani. Na palipo na fundi pana chaki. Nekesa akaanza kuchora kwenye mabaki ya vitambaa, kamba za nguo, kila siku kamba za nguo. Lakini chaki ya fundi mnaijua, haikai, ukiushika mstari umefutika, na mstari ukifutika mtoto alikuwa analia mpaka anatapika. Basi yule mwanamume akafanya kile anachokijua. Aliupitisha mstari chini ya sindano, akaushona kabla haujafutika. Mtoto akanyamaza. Akasogea. Akachukua kibiringo cha uzi mwekundu akamwekea baba yake kiganjani, akashika kidole cha baba akakiweka kwenye soksi. Hapa. Akachukua wa kijani. Hapa. Baba akikosea rangi, binti analeta wembe ifumuliwe.

Hivyo ndivyo kazi yao ilivyoanza. Hakuna aliyekaa akapanga biashara, ilikuwa njia ya mtoto kunyamaza. Kukhu alipokuja kuwatembelea alikuta vitambaa vimejaa kitandani, akasema vitu vizuri hivi haviachwi bila upindo, akatafuta sindano yake. Wifi yangu Nafula akabeba vitatu kibandani kwake Kimilili, vikaisha kabla ya adhuhuri. Siku za soko wakawa wanampeleka na Nekesa huko, anakaa nyuma ya meza na chaki yake. Watu wakiuliza ni nani kachora, Nafula anawaonyesha. Yeye hakuwa na ushuhuda wa kulinda. Wachuuzi wakazoea kupunguza redio akija. Muuza nyanya wa jirani akajua hapendi kuguswa bega. Soko zima la Kimilili lilimjua mtoto wangu, ndugu zangu, na kanisa lake halikumjua.

Nikamuuliza mume wangu huku nalia, "Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Ulinikataza habari za kukosa imani." Akasimamisha cherehani. "Mama Nekesa, kila siku anachora gauni lako. Sasa mimi nikawa sijui hiyo niiite nini."

Haleluya, ndugu zangu! Hapo ndipo Bwana aliponikamata. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Niliona shuka ya bibi ikipepea juu ya kichwa changu, nikaelewa mtoto wangu alikuwa anaona nini miaka yote ile nikimuita haitiki. Alikuwa pamoja nami. Alikuwa pamoja nami kuliko nilivyokuwa pamoja naye. Miaka mitatu nilikuwa nimemwomba Mungu aufungue ulimi wa mtoto. Siku ile nilimwomba aufunge wa kwangu.

Ijumaa nikasimama Bani Malik. Nikasema, "Ushuhuda wangu ni wa uongo. Yule binti wa kitambaa ni wangu. Haongei, na mimi ndiye mama aliye Saudia." Mkidhani walinikumbatia mmekosea. Akinyi alisimama, akatafuta viatu vyake kwenye rundo, akaniambia bila kupaza sauti, "Miezi minane nimekuwa nikidhani mimi ndiye niliyemzibia mwanangu muujiza." Akatoka. Nilitaka kumfuata, dada mmoja akanishika mkono akasema mwache.

Hakuna aliyeniita Mama Ushuhuda tena. Wengine waliacha kuniita chochote. Wiki kwa wiki niliketi kwenye godoro la mlangoni, nikaimba na wenzangu, nikarudi kwa bibi. Ule ulikuwa upweke pia, na uliuma sana. Ila ulikuwa upweke wa mtu anayejulikana alivyo, na usiku niliweza kulala.

Ijumaa ya sita, kama si ya saba, Akinyi akaja akaketi kando yangu. Hakunitazama. Alikuwa na kikombe cha chai na mandazi, akalikata andazi katikati akanipa nusu. Tukala. Kisha akasema, "Lete simu."

Nikasema, "Ya nini?"

"Nataka kumwona Nekesa. Yule wa kweli."

Nikamfungulia picha. Mtu wa kwanza! Akaitazama sana, akaikuza kwa vidole, akasema, "Huyu ni wewe mtupu. Hata kununa amekuiga." Ndugu zangu, nilicheka na kulia kwa pamoja mpaka chai ikamwagika kwenye godoro la watu. Akanionyesha wake. Tukakaa hivyo mpaka dereva akapiga honi. Mkiniuliza siku gani Bwana alinifungua, ni siku hiyo. Wengine hufunguliwa kwa kuwekewa mikono, mimi nilifunguliwa kwa nusu andazi.

Nilimwambia Baba Nekesa amtoe mtoto, amlete kanisani, aseme ukweli. Shule alimpeleka wiki hiyohiyo. La kanisa akakataa. Alisema, "Wewe uliufunga mlango ule, njoo uufungue mwenyewe." Basi nilimaliza mkataba nikihesabu siku za kuja kuufungua, na mwezi uliopita nikarudi.

Hakunikimbilia, ndugu zangu. Siwezi kuwadanganya tena. Nilishuka na sanduku, nikapiga magoti, akanipita akaenda kulipapasa gurudumu la sanduku. Siku mbili hakunisogelea, na nilihisi nimerudi ugenini. Nilijiambia nimestahili. Siku ya tatu nilivaa lile gauni la bluu, nikachota maji, nikafua nguo za nyumba nzima. Nikiwa naanika, nikasikia mtu ameketi nyuma ya miguu yangu, chini ya kamba. Sikugeuka. Niliendelea kuanika, nikaanika polepole, nikafua tena hata zilizokuwa safi. Alikaa mpaka jua likaegemea. Mungu ni mwema, jamani! Mungu ni mwema!

Namshukuru Mungu kwa mume wangu, fundi asiye na maneno, niliyemwita mtu asiye na imani. Namshukuru kwa kukhu na kwa Nafula, na kwa Akinyi, ambaye bado yuko Jeddah, na kitambaa cha pili tulichomtumia kimeandikwa jina la mwanawe. Mchungaji, nisamehe. Kanisa, nisameheni. Vile vigelegele mlivyopiga sikuvistahili.

Na sasa nina ombi. Wewe mama uliye humu, uliyemfungia wako nyumbani asubuhi hii ukaja kuinua mikono, sikutaji, lakini nakujua kwa sababu nilikuwa wewe. Mwamini Bwana kwa huyohuyo aliyekupa. Usimngoje mwingine. Jumapili ijayo njoo naye, mkae na sisi.

Nekesa yuko nje pale, karibu na tangi la maji, na baba yake. Amekaa huko kwa sababu nilimwambia mume wangu angoje mpaka nimalize. Hajaingia humu miaka mitatu. Akiingia, msimwekee mikono. Msimuulize jina lake, mnalijua. Akiziba masikio msidhani ni pepo, ni kelele zetu. Na yule mama wa vigelegele, dada yangu, nakupenda, lakini leo viweke moyoni.

Shemasi, tafadhali, fungua ule mlango. Lakini kwanza zima hiki kipaza sauti.